Mama, Bibi Uliyemtoa Stoo Bado Tunaye

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokufumba macho. Nyumba bado ina pini zako. Juzi tu mjukuu wako wa mwisho alichomwa na moja kwenye zulia, akalia, nasi tukaishia kucheka, tukikumbuka ulivyokuwa ukitusemesha pini zikiwa mdomoni na maneno yakitoka nusu nusu.

Ulikuwa fundi wa sare za shule. Kila Jumamosi ulifunika cherehani mapema ukaenda wodini kuwaosha wagonjwa wasio na wa kuwajulia hali. Chai yako ilipoa mezani siku zote.

Huko wodini ndiko ulikomtoa Bibi Kofia, kikongwe aliyeruhusiwa kwenda nyumbani asiwe na nyumba ya kwenda. Ulimlaza sebuleni, penye mwanga. Mguu wake ulikuwa na kidonda, na kidonda hakina siri: mtu akifika mlangoni tu, anajua kwa harufu.

Yafuatayo ameomba yaandikwe binti yako mkubwa, tunayemwita Dada. Tulimwambia, "Watu watasoma." Akasema, "Wasome."

Siku wazazi wa mchumba wake walipokuja kututembelea, wewe ulikuwa bado kanisani. Dada alisimama katikati ya sebule, jasho likimtoka. "Wakimkuta huyu hapa, nimekwisha. Shikeni godoro!" Sisi wadogo zake tukalishika. Bibi Kofia tukamweka stoo, kati ya gunia la mkaa na majora yako ya vitambaa, tukafunga mlango.

Ulirudi, ukawasalimia wageni, kisha ukatazama pale palipokuwa na godoro.

"Bibi yuko wapi?"

"Bibi gani, Mama?" alisema Dada.

Hukumkaripia. Ulikwenda stoo, ukarudi umemshika Bibi mkono, ukamketisha kwenye kiti chako. "Mtuwie radhi," ukawaambia wageni, "miguu yake haina haraka." Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Sisi pia, Mama, ingawa tulijifanya tunapanga vikombe.

Wageni walipoaga, mama mkwe alimshika Dada bega pale getini. "Mwanangu, nami nitazeeka. Siku hiyo nije kwa mama yako, au nije kwako?"



Ndoa ilifungwa, lakini swali lile lilihama na Dada. Akawa haji nyumbani ila kwa kupitia, mkoba begani, hata kukaa hakai. Siku moja ukamwambia, "Usidhani najitesa, mwanangu. Nikiwaosha watu hawa nahisi namwosha Bwana mwenyewe. Hakuna ninapofurahi kama pale." Aliitikia kwa kichwa tu. Moyoni aliamini unajikaza kisabuni.

Kisha ukaugua ghafla, ukatutoka. Tulipotoka makaburini tulibaki kutazamana: nani atamwosha Bibi? Dada ndiye aliyebeba beseni, uso kaugeuza pembeni. Alipougusa ule mguu, machozi yakamtoka.

"Bibi, ni mimi niliyekuficha stoo."

"Najua. Macho ndiyo mabovu, masikio yangu mazima." Bibi akabana pua, akaiga sauti yake: "Shikeni godoro!" Dada, katikati ya kilio, akaangua kicheko. "Haya, osha," akasema Bibi. "Maji yanapoa."

Akamwosha mpaka kwenye vidole, akamfunga kidonda, akamchana nywele. Alipotoka kumwaga maji alisimama uani na beseni tupu mkononi, akashangaa: moyo ulikuwa mwepesi, na msiba ulikuwa bado mbichi. Ndipo alipojua kwamba hukuwa unajikaza. Furaha ulikuwa nayo kweli, ukamkaribisha aionje, naye akakupita mkoba begani.

Sasa kila Jumamosi anakwenda kule wodini. Anarudi amechoka, anarudi anacheka. Lakini aibu haijamwisha, na wala hasemi imemwisha.

Tunaokukumbuka ni Dada na mumewe, sisi wadogo zake, wajukuu wako, mdogo wako wa kike, mama mkwe wa Dada, wanawake wenzako wa kanisani, na Bibi Kofia, ambaye kidonda chake kimefunga.

Hutatutoka moyoni, Mama. Tunakukumbuka kwa haya, na kwa furaha uliyotaka kutugawia ungali hai, sisi tukaja kuipokea umekwisha kuondoka.