Ziwa ya Kasongo

Kazi moja, siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa tatu
Nasaga rangi ya bluu tangu asubuhi. Gunia ya unga, njo kitambaa yangu ya kuchora, nimeivuta juu ya mbao, imekaza muzuri. Ziwa Tshangalele minye naichora hata na macho ya kufunga. Pasta anataka tumuchore anabatiza kwa ziwa, kwa ukuta ya nyuma ya mimbari. Kila mufundi alete mufano siku ya Mungu. Ukuta ni yangu. Mutaa yote ya Shituru inajua mukono yangu. Kasongo mwenyewe, naye ataleta mufano, minye njo nilimufundisha kushika burushi.

Kazi tatu, 5
Kasongo iko na kitabu. Binti yake alimuletea toka Lubumbashi. Michoro ya Bajapani ba zamani. Nilienda kuangalia, si kwa kupenda. Anasema kwa Bachina balijifunza wino mweusi na milima ya ukungu. Ukungu habakuichora, baliacha karatasi tupu. Kisha Bazungu ba Holanda bakaleta picha na meli, Bajapani bakajifunza kwabo kivuli na njia inayopungua kwa mbali. Bakachanganya yote, ikakuwa yao.
Nikamuambia, weye ni Mujapani tangu lini?
Akacheka, akanionyesha mufano yake. "Vieux, muzee wangu, keti kwanza, angalia maji."
Maji yake inaenda mbali. Katikati ni gunia tupu, hakupaka kitu. Na ni maji kabisa.
Nikarudi kwangu. Ni wivu. Hapana kitu ingine.

Posho, 8
Nilijaribu. Niliacha gunia tupu katikati. Ikabaki gunia. Nimeipaka bluu mara mbili.

Siku ya Mungu, 9
Nimeshinda. Kasongo alimuweka pasta ngambo ya ziwa, mudogo kama kidole. Muvuvi wa bule ndiye mukubwa, mbele. Vile kitabu inafanya. Kwetu mukubwa anachorwa mukubwa, hata mutoto anajua. Mama mumoja wa korali akauliza, "Papa Kasongo, pasta wetu amerudi tumboni mwa mama yake?" Kanisa yote ikacheka. Pasta hakucheka. Pasta wa mufano yangu alijaza gunia toka juu mupaka chini. Nikapewa ukuta.
Kasongo akanipa mukono. Heri angenitukana.

Kazi mbili, 11
Nimeanza ukuta. Pasta anaonekana toka barabarani. Maji yangu imesimama kama mulango.
Mangaribi nikapita kwa Kasongo. Mwenyewe haiko. Ziwa yake iko pale kwa baraza, ameigeuza, uso kwa ukuta. Nikaigeuza tena. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaangalia maji mupaka giza.