Miguu Juu

Jumamosi usiku, Sarang'ombe

Nacheka hadi jirani amegonga ukuta.

Safari nzima ya kwaya, Mzee Wekesa, mwenyekiti wetu, alitufunza kila kitu: kukaa, kushika uma, hata kupiga chafya. Nilichoka naye. Leo ndege ilipoanza kushuka Nairobi, akaninong'oneza, "Dada, kule tulitua mchana. Usiku mtu hufanya nini?"

"Unainua miguu, Mzee. Rubani haoni chini vizuri, kwa hivyo tairi zikigonga, sakafu hupiga teke."

Akageuka, akawatangazia wengine kwa Kiluhya. Kwaya nzima ikainua miguu! Mhudumu akaja mbio kuuliza nani mgonjwa. "Tunasaidia rubani," Mzee akamjibu.

Mimi nilikuwa dirishani. Taa za mji zilijaa kote, isipokuwa sehemu moja yenye giza totoro. Nikajua hapo ndipo kwetu Sarang'ombe, umeme umepotea tena. Halafu nikaanza kujiuliza kama huyo rubani kweli anaona. Na watoto wangu, nani ata...

Puu! Tukatua.

Kesho Mzee atashuhudia kanisani kwamba hakuna aliyeumia kwa sababu tulitii. Nitabishana naye vipi? Miguu yangu ilikuwa juu kuliko yake.