Wageni wa Kujaribia Hoteli

Thika,
Agosti 1958

Kwa dada yangu mpenzi Idah,

Mulembe, dada, na mulembe tena. Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, mguu umepoa, na yule ng'ombe mweusi ameacha ujinga wake wa kupiga ndoo teke. Kifua cha shemeji je? Mimi huku sina la kulalamika ila vidole, ambavyo sabuni imevikunja, lakini kalamu vinashika kama unavyoona. Nelima ni mzima, bado yuko Ruiru kwenye zahanati ya shamba la kahawa, na anakusalimu sana.

Najua unachongoja. Wazee wa upande wa marehemu mume wangu watakaa baada ya mavuno, na wanataka neno langu: Nelima aolewe na mwalimu Erastus wa hapo Kimilili, mwenye baiskeli na nyumba ya mabati, au na huyu Boaz, fundi wa mbao aliyekutana naye Ruiru, ambaye hakuna kati yetu aliyemwona. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilitaka kukuandikia kwamba ni mwalimu, basi, na Nelima alie mpaka anyamaze. Sababu unaijua. Marehemu alikuwa mchapakazi, Mungu amrehemu, lakini miaka yote niliishi nikisikiliza mlango unavyofunguliwa ili nijue jioni itakuwaje. Sitaki mwanangu asikilize mlango. Mwalimu angalau wewe unamjua. Hasira za Boaz ningezijulia wapi? Sasa ngoja kwanza nikusimulie nilivyokwenda mlimani, kisha utapata jibu lako. Usiruke kurasa, nakufahamu.

Dada, nimelala hotelini. Hoteli ya wazungu, msituni juu ya Nyeri, na nimelala kama mgeni, si kama dobi. Acha kucheka, naapa.

Ilikuwa hivi. Kuna kontrakta hapa Thika, Mohinder Singh, ambaye mke wake Swaran ni jirani na rafiki wa mama Ansuya ninayemfulia. Singh amemaliza kumjengea memsahib mmoja hoteli hiyo. Kabla ya kuifungua, memsahib alitaka watu walale kila chumba, wawashe kila moto na wafungue kila bomba, ili ionekane panapovuja na panapotoa moshi, na wahudumu wake wapate watu wa kujifunzia. Wazungu wenzake aliowaalika walituma salamu kwamba barabara ina matope. Basi akamwambia Singh alete jamaa yake na mafundi walioijenga, wao ndio wawe wageni tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Swaran akaniazima kwa mama Ansuya niende nikamshikie mtoto. Lakini tulipofika tukakuta meza moja ina mtu mmoja tu, na memsahib hataki meza pungufu. Akaninyooshea kidole akasema na mimi ni mgeni. Mtoto akarudi kwa mama yake.

Hoteli hiyo ikifunguliwa rasmi mimi na wewe hatutavuka lango lake, wala Singh mwenyewe aliyeijenga, na kilemba chake kizuri. Kwa hiyo niliamua kutopoteza hata dakika moja kwa kuona haya. Tulipanda lori tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Askari wa vizuizini walitusimamisha kama kawaida, maana Hali ya Hatari bado haijaisha, lakini walipoambiwa tunakwenda kulala hotelini walicheka mpaka wakasahau kutazama vipande vyetu vya utambulisho.

Sasa sikia mambo ya wazungu. Wameacha nyumba zao za mawe ili waje kulala kwenye magogo. Kuta ni magogo matupu na magamba yake, kama ghala la mahindi, lakini ndani kuna zulia ambalo nilivua viatu kabla ya kulikanyaga. Kila chumba kina meko ya mawe ukutani, si ya kupikia, ni ya kutazama tu. Kuna chumba kizima cha kuogea, na maji moto yanatoka ukutani yenyewe, maana nyuma ya nyumba kuna pipa linalochochewa kuni tangu alfajiri. Nilijaza lile birika refu la kulala ndani na kuoga, maji yakanifika shingoni. Miaka mingapi nimefua nguo za watu ndani ya maji, dada, na siku hiyo maji yalinishika mimi. Nilicheka peke yangu humo kama mwehu. Kitandani nako niligusa kitu cha moto na laini chini ya blanketi, nikaruka hadi mlangoni nikiita Yesu, kumbe ni mfuko wa mpira wenye maji moto, umewekewa miguu yangu. Baadaye nililala nimeukumbatia.

Mwenzangu wa mezani alikuwa fundi mmoja kijana wa kwetu, aliyetengeneza madirisha yote ya pale. Singh na mafundi wote humwita Randa, kwa sababu randa yake ya kulainishia mbao haimtoki mkononi. Mtu mrefu, meno yameachana kidogo mbele, koti moja la kijivu la kuazima au la kurithi, sikuuliza. Alinivutia kiti nikae, kama tulivyoelekezwa na memsahib, kisha akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba nisiogope vijiko, tuanze na kile cha nje tukielekea ndani, na tukikosea tukosee pamoja.

Mhudumu wetu alikuwa Wainaina, mtu mzima mwenye mvi, na mikono yake ilitetemeka kuliko yangu. Supu ya kwanza, dada, yote ilimwagikia koti la Randa, kuanzia kola mpaka mapajani, na ilikuwa ya moto. Memsahib akasimama. Mimi nilikwisha kuinamisha kichwa, unajua nilivyozoea, nikingoja sahani iruke. Randa akavuta pumzi, akajipangusa, akamwambia Wainaina kwamba hiyo ndiyo kazi iliyotuleta, afadhali imwagikie fundi leo kuliko gavana kesho, kwa hiyo alete bakuli lingine na ajaribu tena upande wa kushoto. Wainaina akaleta. Halikumwagika hata tone. Randa akaomba la tatu, si kwa njaa, ila mzee azoee. Mikono ikatulia kabisa. Mimi nilijifanya moshi wa meko umeniingia machoni.

Jumamosi asubuhi ukungu ulifunguka na mlima ukatokea mzima, mweupe kileleni, na sote tukatoka nje na vikombe vyetu tukautazama. Kisha memsahib akazungukia vyumba. Dirisha la chumba cha Swaran liligoma kufunguka, na Singh akaanza kulaumu mvua na mbao. Randa akasema hapana, hilo ni lake, alilifanya kwa haraka siku ya mwisho, akaenda kuleta randa yake papo hapo, akafanya kazi akiwa na nguo zake za kanisani. Alipokuwa akiparuza nilikaa karibu nikamhoji kama polisi. Alijibu yote. Nilimuuliza hasira zake huziweka wapi. Akasema anazo nyingi, baba yake alikuwa nazo pia, ila yeye zikimpanda hutafuta ubao mbaya akaupiga randa mpaka unyooke.

Jioni memsahib akasema sakafu ya ukumbi nayo lazima ijaribiwe kama italia watu wakicheza juu yake. Akafungulia gramafoni. Nakuambia kweli, Mohinder Singh alicheza mikono juu, Swaran akamcheka mpaka akakaa chini, Wainaina akaweka sinia akaingia, na Randa akanishika mkono akanizungusha, mimi, mjane wa umri huu, mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Sakafu haikulia. Tangu nizikwe ndani ya maji ya sabuni sijafurahi hivyo.

Sasa kaa chini, Idah, na shemeji asiisikie sehemu hii.

Randa ndiye Boaz. Na mimi nilijua tangu Ijumaa ile, kabla supu ya kwanza haijafika. Nilimuuliza ukoo wake, kama mtu yeyote wa kwetu angeuliza, akaniambia, kisha kwa furaha zake akaongeza kwamba anamchumbia msichana wa zahanati Ruiru, jina lake Nelima. Pale pale nilipaswa kuinuka, nifunike uso, nitoke mlango wa nyuma. Mama mkwe na mkwe wake hawali meza moja, hawashikani mikono, hawalali chini ya paa moja. Nilijua hayo yote, na mama alitulea nayo. Badala ya kuinuka, nilimwambia jina langu ni Mama Nduku, nikakunjua kitambaa nikakiweka mapajani, nikakaa. Nilikaa siku zote zile. Nilikula naye, nikashika mkono wake, nikamsikia akiimba asubuhi ng'ambo ya ukuta wa mbao. Desturi inamkabidhi mwanangu kwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama usoni, nami nilitaka kumtazama kwanza. Sijutii. Wazee wakitaka kunitoza kondoo, waje wamchukue, nitamfunga kamba mwenyewe.

Lakini sikiliza lililobaki. Jumapili jioni lori lilitushusha hapa Thika, barabara ya maduka ya Wahindi. Siku zote zile Boaz ndiye aliyenibebea mzigo na kunisaidia kupanda na kushuka. Nilishuka peke yangu, nikageuka kumuaga kwa lile jina langu la uongo. Sikumwona. Mafundi walikuwa wakishangaa, wakiuliza Randa amepatwa na nini. Alikuwa ameruka mtaro, amesimama kwenye nyasi kando ya ua, amenipa mgongo, uso ameufunika kwa kofia, ameinama mpaka nipite. Kama mkwe anavyompisha mama mkwe.

Alijua, dada. Sijui tangu lini. Nelima amechukua uso wangu wote, labda alinitambua tangu aliponivutia kiti. Naye alikaa. Nilipita nyuma yake polepole, bila kusema neno, kama inavyotakiwa, na nilikuwa nikilia na kucheka kwa pamoja katikati ya barabara, mpaka mama Ansuya akatoka dukani kuniuliza nani kafa.

Basi neno langu ndilo hili, wapelekee wazee: ni Boaz. Mwalimu Erastus mshukuruni vizuri, ni mtu mwema, atapata mwingine. Sitaongea tena na huyu kijana uso kwa uso, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani. Ila Nelima akinipikia siku moja na kuniambia mume wake ni mpole, nitaitikia tu kwa kichwa, kana kwamba ndiyo kwanza nasikia.

Nisalimie shemeji, watoto wote kwa majina yao, mama wa kanisani, na huyo ng'ombe mwenye mateke. Nijibu upesi, maana silali vizuri nikijua umecheka na sikukusikia. Mungu akulinde mpaka tuonane kwenye harusi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nakhumicha