Picha Niliyoiweka Bila Maneno

Isha,

Sikujulii hali. Ungenicheka, Msambaa anamuuliza marehemu habari za asubuhi. Ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani sasa hivi, viatu sijavua, na mezani mbele yangu kuna daftari la mtu. Hilo daftari ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie. Nitalifikia.

Kwanza ya shuleni. Kile kipindi chetu cha Jumatano, ulichokianzisha wewe ili wanafunzi wajifunze kuipima habari kabla ya kuirusha kwenye simu, sasa nakiendesha peke yangu. Nafundisha kwa njia yako ile ile. Mtoto akileta habari simuulizi kama ni ya kweli. Namwambia arudi nayo nyuma, nani alikuambia, na yeye aliambiwa na nani, aandike jina chini ya jina mpaka amfikie aliyeona kwa macho yake. Wananisikiliza, siwezi kusema hawanisikilizi. Ila wewe walikuwa wakikucheka na kukubishia, kipindi kikiisha hawataki kutoka. Mimi wananikalia kimya kama wamekaguliwa mifuko getini.

Unanijua nilivyo. Ulikuwa ukisema mimi hata chumvi nainusa kwanza. Basi tangu uondoke nimezidi. Siku ya msiba wako nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, wao wanakusomea, mimi macho yangu yako kwenye mikono yao: nani ana simu, nani anaandika, nani kaifunika haraka na kanga aliponiona namtazama. Mtu akinipa pole nilikuwa najiuliza moyoni, au ni wewe? Hata mumeo, shemeji yangu Athumani, nilimshuku siku mbili nzima, kisa amebadilisha simu. Mungu anisamehe.

Nilikuwa namtafuta mtu aliyetangaza kifo chako wakati uko hai. Nikukumbushe, maana siku zile ulikuwa na dawa nyingi kichwani. Alhamisi walikupasua wakautoa ule uvimbe tumboni. Ijumaa asubuhi, wewe uko kitandani unalalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari, tanzia yako ikatokea kwenye grupu la wazazi wa shule. Ina maua pembeni, na mshumaa juu, wewe Muislamu wa watu. Katikati ni picha yako unacheka, umeshika kipande cha muhogo, chachandu ya pilipili imekuganda kidoleni. Adhuhuri haijafika, kwenu Maramba wameshapata. Mama yako alikodi gari na majirani, wakaja na kanga zao za msiba. Akaingia wodini anaomboleza, akakukuta na kikombe mkononi. Akakaa sakafuni pale pale, manesi wakaacha wagonjwa wakamshughulikia yeye.

Wewe ulicheka mpaka ukashika mshono. Ukasema, "Walau wamenichagulia picha nzuri." Halafu wageni walipotoka tukabaki wawili, ukaniuliza, "Eli, picha hii ulimpa nani?" Nikakujibu sijampa mtu. Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Basi." Tukaanza kuzungumza mengine.

Yaliyofuata huyajui, kwa hiyo nakueleza. Uliporudi nyumbani Pongwe, umepata nafuu, unatembea uani mwenyewe, mama aliaga akarudi Maramba, nyani wanamalizia mahindi yake. Jumanne asubuhi ukabanwa pumzi. Athumani anasema ulimshika mkono ukataka kusema neno, halafu basi. Alimpigia mama yeye mwenyewe, analia. Mama akamwambia, "Mmeshanizikia mwanangu mara moja. Mie sichezewi tena." Akazima simu, akachukua jembe akaenda shamba. Tukatuma kijana wa bodaboda kutoka Maramba mjini, akafukuzwa kwa magongo. Mpaka imamu wa kule alipomfuata shambani kwa miguu, akamshika mabega, ndipo alipoacha kulima.

Wazee wa upande wa mumeo walisubiri toka adhuhuri hadi alasiri. Zaidi ya hapo wakasema maiti asicheleweshwe, na siwezi kuwalaumu. Mama alifika jeneza limeshatoka. Mkeka uliolazwa juu yake ulikuwa umeshakunjwa na kusimamishwa ukutani. Alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza, "Nani alianza?" Siku arobaini zimepita na bado anauliza. Mtu yeyote atokaye Tanga akipita kwake, kabla hajaitikiwa shikamoo yake anaulizwa hilo.

Nikaapa nitampata. Na unajua nilimpata upesi sana. Nilimpata Mwanaidi.

Ndiyo, Mwanaidi wako, kidato cha nne, yule mrefu wa baiskeli nyekundu. Nilikuwa na sababu zangu zimejipanga vizuri. Simu ya klabu yetu ya Jumatano anakaa nayo yeye. Mabango ya klabu anatengeneza yeye, na pembeni huweka maua, maua kama yale ya kwenye tanzia. Na mwezi mmoja kabla, ulimuondoa kwenye kusoma habari mstarini kwa kuchelewa, akanuna wiki nzima. Nikamuita ofisini. Akasema, "Si mimi, madam." Akalisema mara moja, hakulia, hakuapa. Mimi nikaona mtoto asiyelia akisingiziwa ana lake jambo. Angelia ningesema anaigiza. Nikaandika barua kwa mwalimu wa nidhamu, akasimamishwa, akarudishwa nyumbani Chumbageni. Kamati inakaa kesho. Wakimfukuza, mtihani wa taifa ataufanya kama mtu wa nje, kama ataufanya, maana nimesikia mjomba wake kashaanza kumtafutia mchumba.

Na huku darasani nikawatajia jina lake. Sikuhojiwa, nilisema mwenyewe. Nilisimama kwenye kipindi chako, kipindi cha kutosambaza usilolijua, nikawaambia watoto arobaini kwamba mwenzao ndiye aliyemuua mwalimu wao kwa mdomo. Hakuna aliyeniuliza nani kaniambia. Niliona wamenielewa.

Alhamisi iliyopita jioni, jua bado lipo, Mwanaidi akaja kwangu. Ameegesha baiskeli nje, kavaa baibui, jasho linamtoka. "Shikamoo madam." Nikaitikia. Nikamkaribisha kiti akakataa. Akaniwekea daftari juu ya meza, akasema maneno ambayo nadhani alikuja akiyarudia njia nzima: "Nimefanya kama alivyotufundisha Mwalimu Isha. Namba tisa nimeacha wazi. Utajaza mwenyewe." Akaaga kwa adabu zote, akaondoka.

Nilifikiri ni mtego. Kweli Isha, nililifungua lile daftari kwa ncha za vidole. Nikasema katumwa, au kayatunga. Majina manane, kwa mwandiko wake ule wa kulala. La kwanza ni kijana wa Pongwe mwenye duka la kuchapa kadi, yeye ndiye aliyetengeneza tanzia, akaweka maua na mshumaa kwa sababu ndivyo vilivyokuwa tayari kwenye kompyuta yake. Kila jina kaandika mbele yake mtu huyo alisema nini. Shangazi wa kijana alimwambia, "Ametangulia." Aliyemwambia shangazi alisema, "Nadhani ametangulia." Wa kabla yake, "Nasikia hali mbaya sana, wamekata tamaa." Wa kabla ya huyo, "Kuna nini kwa Mwalimu Isha?" Wameshuka hivyo hivyo, hakuna hata mmoja aliyesema uongo ukimchukua peke yake, kila mmoja kaongeza kidogo tu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Namba nane ni Mama Zaituni, anayetuuzia vitumbua pale njiani. Halafu namba tisa, na mstari mtupu.

Ijumaa nikaenda kwa Mama Zaituni. Nilijifanya nanunua. Nikamuuliza kwa mbali, yeye alijulia wapi siku ile. Akanishangaa, upawa uko hewani. "Si kwako, mwalimu? Si wewe uliyeweka picha yake kwenye stetasi? Mie nikaona picha tupu, hujaandika kitu. Nikasema, alaa, basi kuna jambo."

Nilivisahau vitumbua vyangu pale pale.

Unakumbuka ile picha niliipiga mimi, kwenye benchi la nyuma ya maktaba, na kiwiko changu kilitokea pembeni. Nilikikata kile kiwiko ubaki peke yako. Ile Alhamisi walipokuingiza chumba cha upasuaji mimi nilikuwa nje kwenye korido, nimekosa pa kuweka mikono. Mimi si mtu wa kuandika mapenzi yangu, unajua. Nikaiweka ile picha, sikuandika hata neno moja, nikakaa naitazama. Baada ya saa moja nikaona haya, nikaifuta. Na kwa kuwa niliifuta, na kwa kuwa sikuandika neno, sikuihesabu kamwe. Nimewashuku watu wote wa Tanga, na sikulipitia jina langu hata mara moja.

Watu wetu wakiona picha ya mgonjwa kwenye stetasi bila maneno wanajua maana yake. Hata mimi najua. Ningeiona kwa mwingine ningeshika mdomo. Miaka miwili nimewafundisha watoto kwamba uongo wautafute kwenye maneno, waangalie neno hili, waangalie neno lile, na wangu haukuwa na neno.

Sasa narudi kwenye ile "basi" yako. Ulijua, Isha? Nashuku ulijua. Uliitambua picha, ulijua nani aliipiga, na uliponiuliza ulikuwa unanipa nafasi nikumbuke mwenyewe. Niliposema sijampa mtu ukaniacha. Uliniacha kwa huruma, au ulichoka, au ulingoja upone unitanie vizuri? Hasira zimenishika kwako pia, ujue. Ungenikemea siku ile ile, mama yako angeambiwa ukweli angali karibu na wewe, angejua limetokea vipi na kwa nani, pengine Jumanne ile asingemkatia simu Athumani. Pengine. Silijui hilo, na nimekoma kusema nisilolijua.

Nikwambie na ubaya wangu wote. Tangu Ijumaa nimekaa na hili daftari. Mama Zaituni hajui kama alichoniambia kina uzito, yeye anaendelea kuchoma vitumbua vyake. Jana nilikaa nalo jikoni, jiko linawaka. Nilifikiria kamati, nilifikiria wazazi, nilifikiria wale watoto arobaini. Nikasema, nitaondoa tu malalamiko yangu, mtoto arudi, yaishe kimya kimya, nani atauliza. Nikamuona akilini Mwanaidi anarudi darasani, wenzake bado wanakaa naye mbali kwa sababu ya mdomo wangu, na yeye anajua, na ananiamkia kila asubuhi. Yule binti alizungusha baiskeli siku sita kutoka Chumbageni mpaka Pongwe, anaulizia mlango kwa mlango, wengine wakimfukuza kwa jina nililompa mimi. Alipofika kwangu hakuniandika. Aliniheshimu kuliko nilivyomheshimu yeye.

Nimejaza. Namba tisa, majina yangu yote matatu, kwa wino, na mbele yake nimeandika nilichosema: sikusema kitu. Kesho saa mbili nalipeleka kwenye kamati mbele ya mjomba wake, na wakinivua kipindi chako sitabisha. Jumatano, wakiniacha au wasiponiacha, nitasimama mbele ya wale wale watoto niwasomee majina yote tisa, na nitamuomba Mwanaidi radhi wakisikia wao, si ofisini.

Halafu Maramba. Hilo ndilo linalonitetemesha. Kwa simu haiwezekani, tangu siku ile mama yako haamini sauti yoyote inayotoka kwenye simu. Athumani ameniambia jambo lingine ambalo sikulijua: mama kila chakula akipika anakuwekea sehemu. Anasema hakukuona ukizikwa. Anasema watu wa Tanga ni waongo, pengine mwanawe yupo mahali, na hao majirani wanaomwambia nao waliambiwa tu. Na mimi ndiye niliyemfanya hivyo, Isha. Nimemharibia hata kulia.

Nitakwenda Jumamosi. Nitakaa chini mbele yake anitazame usoni, nimwambie, mama, aliyeanza ni mimi. Anifanye apendavyo. Akimaliza, kama atanivumilia nibaki, nitamwambia na lile la pili, ambalo sikuambiwa na mtu. Kabla hawajakufunga uso waliniita nikuone. Ulikuwa umefumba macho sawasawa, sio nusu. Nywele wamekusuka vizuri, mikia mitatu, imelala nyuma. Lile kovu dogo la nyusi ulilolipata utotoni kwa kuanguka kisimani kwenu lilikuwa pale pale. Nilikushika shavu, lilikuwa baridi. Nitamweleza kovu, nitamweleza shavu, polepole, mara nyingi kadiri atakavyouliza, mpaka aamini kwamba umekufa.

Ukae salama huko, mwenzangu. Nimekuahidi.

Eliwaza wako