Kaburi Ambalo Hatukulichimba Ufuoni

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa Kombewa tu wazima, na ndama wako ameanza kula nyasi. Unauliza kwa nini ardhi ya umma isigawanywe bila sheria ya Bunge, na sisi wenyeji tupo.

Wiki aliyofariki baba yangu, tajiri mmoja alileta lori la nguzo azungushie ua ufuo wa umma tunaochotea maji sote. Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Kaka zangu wakashika majembe: "Tumzike Mzee hapa! Tuone nani atamfukua!"

Lori likanguruma. Mama akasimama mbele ya majembe, si mbele ya lori.

"Mkimzika hapa, ufuo utakuwa wetu. Majirani watachota maji wapi?"

Majembe yakashuka. Majirani waliomsikia wakaja wakasimama nasi mpaka lori likageuka.

Wabunge siwasifu, mjukuu wangu. Lakini Bunge halina baba wa kuzika ufuoni; sisi wenyeji tunao.

Nyanya yako