Kikao cha Kupongezana kwa Kuzuia Uhamisho wa Muuguzi Faustina

UMOJA WA WATUMISHI WA UMMA WA MIINUKO
TAWI LA IGOWOLE

Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Tawi kilichofanyika Jumamosi, 15 Juni 2024, katika darasa la nne la shule ya msingi, baada ya ufunguo wa ofisi ya kata kukosekana.

WALIOHUDHURIA
Ndg. Bartholomeo Chengula – Mwenyekiti (afisa kilimo)
Ndg. Obeid Ngailo – Msimamizi wa Ushawishi na Siasa (mwalimu)
Bi. Esnath Mdemu – Mhazini (karani wa mahakama)
Bi. Lusia Kikoti – Katibu (afisa maendeleo ya jamii)

MWALIKWA
Bi. Faustina Nyenza – muuguzi wa zahanati

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Saulo Kihwele – Mjumbe (kwa udhuru, anavuna mahindi)

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichoitishwa saa sita kilifunguliwa saa nane na nusu mchana. Mwenyekiti alikuwa amevaa fulana ya kampeni juu ya koti kwa sababu ya baridi. Fulana hiyo imeandikwa HAHAMISHWI MTU BILA KUULIZWA. Alieleza kwamba leo si siku ya malumbano, ni siku ya kupongezana, kwani Tawi limeshinda.

KUMB. NA. 2/06/2024: TAARIFA YA USHAWISHI
Ndg. Obeid alieleza kwamba baada ya Bi. Faustina kupewa barua ya uhamisho kwenda Mbeya mwezi Aprili, yeye na Mwenyekiti walihamasisha wananchi, kisha wakamfuata Mheshimiwa Mbunge msibani Mgololo, kwa kuwa msibani ndiko anakopatikana bila miadi. Walimsindikiza mpaka makaburini, wakamweleza jambo lao wakati wa chakula. Mheshimiwa alilifuatilia, na Jumapili iliyopita alitangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba uhamisho umesitishwa. Akina mama walipiga vigelegele. Taarifa ilichukua muda kwa sababu Ndg. Obeid aliigiza pia sauti ya Mheshimiwa.

Bi. Esnath aliuliza kama kumwendea Mbunge msibani ni ushawishi au ni siasa, maana mtumishi wa umma hatakiwi kufanya siasa. Ndg. Obeid alijibu kwamba ushawishi ni sisi kumwambia Mbunge jambo, na siasa ni Mbunge kutuambia sisi. Wajumbe walikubali, ingawa Katibu hana hakika walikubali nini.

KUMB. NA. 3/06/2024: NENO LA SHUKRANI KUTOKA KWA MUUGUZI
Bi. Faustina alikaribishwa atoe shukrani. Alisimama, akaishukuru Kamati kwa moyo wake mwema, kisha akasema kwamba uhamisho ule aliuomba mwenyewe.

Mwenyekiti alimwomba arudie. Alirudia. Ndg. Obeid aliuliza ni uhamisho upi. Alijibiwa kwamba ni huu huu.

Bi. Faustina alieleza kwamba mumewe, Ndg. Vitus, ni mwalimu Mbeya mjini, na ndiye anayeishi na binti yao. Yeye amehangaika miaka minne kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Mwaka huu alimpata muuguzi aitwaye Goodness, ambaye wazazi wake wako huku Mufindi. Maombi yao wote wawili yalikubaliwa.

Mwenyekiti alisema kwamba siku ya barua alimkuta Bi. Faustina analia nyuma ya zahanati, na hayo ndiyo yaliyomuuma hadi akaanzisha kampeni. Bi. Faustina alijibu kwamba alikuwa analia kwa furaha. Mwenyekiti alisema: "Sasa dada, furaha gani ya kulia vile, mpaka kamasi?"

Ndg. Obeid alitaka kujua kwa nini hakusema mapema. Bi. Faustina alisema: "Mlinikataza, mwalimu." Alikumbusha kwamba Ndg. Obeid mwenyewe alimwagiza asionekane wala asisikike, asije akaadhibiwa kwa kuchanganya kazi na siasa. Alipompigia Mwenyekiti aliambiwa mambo haya hayasemwi kwenye simu, atulie, anapiganiwa. Mwenyekiti alikiri kupokea simu hiyo na kusema aliona anafanya busara.

KUMB. NA. 4/06/2024: IWAPO TAWI LIMESHINDA
Ajenda hii haikuwepo. Ndg. Obeid alisema Tawi limeshinda kwa sababu kilichoombwa kimetolewa. Bi. Esnath aliuliza kiliombwa na nani. Mwenyekiti alisema kichwa kinamzunguka, akaomba Bi. Faustina atoke nje kidogo ili Kamati imjadili kwa uhuru. Katibu alimnyooshea Mwenyekiti kidole kwenye fulana aliyoivaa. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akayasoma yale maandishi juu chini, kisha akasema Bi. Faustina abaki.

Ndg. Obeid alishauri muuguzi avumilie mpaka uchaguzi upite, kwani tukirudi kwa Mheshimiwa sasa tutaonekana vigeugeu. Bi. Faustina alieleza kwamba Goodness ameshatafutwa na muuguzi mwingine wa Kilolo anayetaka kubadilishana naye, na amesema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi tu. Bi. Esnath aliuliza kama likizo hazitoshi kumwona mtoto. Bi. Faustina alijibu, na Katibu anayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Nikifika ananipisha kiti, ananiamkia vizuri kabisa. Halafu namsikia jikoni anamuuliza baba yake, mgeni anaondoka lini."

Bi. Esnath aliomba swali lake lifutwe.

Iliazimiwa kwamba Mwenyekiti na Ndg. Obeid wamwendee Mheshimiwa Jumatatu, bila kusubiri msiba, wamwombe arudishe alichokizuia. Iliazimiwa pia wananchi waelezwe kesho baada ya ibada.

Bi. Faustina aliomba awaeleze yeye mwenyewe. Alisema tangu Jumapili wanamletea kuku na maharage wakimshukuru kwa kubaki, na wengine aliwazalisha kwa mikono yake. Anaona aibu, na anaogopa. Aliuliza nani atasimama naye. Bi. Esnath alisema atasimama. Katibu pia. Mwenyekiti alivua fulana, akaikunja, akasema atasimama na atakiri kwamba kosa ni lake. Ndg. Obeid aliomba iandikwe kwamba hakuunga mkono maazimio. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/06/2024: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimwomba Bi. Faustina afunge kwa sala. Aliombea zahanati, akawaombea wajumbe wote, Ndg. Obeid akiwemo, kisha akamwombea binti yake, akimtaja kwa jina: Atuganile. Katika kampeni yote ya kumpigania mama yake, Kamati ilikuwa hailijui jina hilo.

Wajumbe waliitikia amina saa kumi na moja jioni, wakatawanyika.

B. Chengula ........................ Mwenyekiti

L. Kikoti ........................ Katibu