Kipepeo Kwenye Kamba ya Kina Gqirana

Zoleka, acha kupika usome. Mzee Gqirana, jirani yetu shemasi, amenifumania NIKIPIGA PICHA CHUPI YA MKEWE.

Usicheke kwanza!

Si unanijua Septemba miti ikichipua, ni mimi na kamera, ndege na vipepeo asubuhi nzima. Leo nilimfuata kipepeo mmoja wa njano. Akavuka seng'enge, akatua kwenye kamba yao ya nguo, juu ya chupi kubwa nyekundu. Nikapiga magoti, nikapiga picha.

Nasikia nyuma yangu: "Binti, unapiga picha chupi ya mke wangu?"

Chupi ya mke wangu, Zoleka! Kwa sauti ileile ya kanisani!

"Hapana Baba, ni kipepeo."

Tukatazama wote. Kipepeo kaenda zake. Imebaki chupi.

Akamwita mkewe. Nikampa kamera. Mama Gqirana akaitazama picha, akamwona kipepeo kakunjua mabawa, akacheka hadi akashika kamba. Akamgeukia mumewe: "Miaka thelathini hujawahi kuzitazama, leo ndiyo unazilinda?"

Mzee akaingia ndani.

Mama akaninong'oneza: "Nitumie hiyo. Kesho naanika ya zambarau, tuone atatua nani."